Nchi Iliyouza Habari

Ukienda mpaka pale ambapo wachora ramani huchoka na kuacha karatasi nyeupe, kisha ukazidi kidogo, utaingia Ukodi. Namna ya kufika tusipotezee wakati. Mshangama alifika, akiwa na begi la turubai lenye mizani tatu, koleo na kikopo cha mafuta ya kulainishia, na hilo linatosha. Alikuwa fundi mizani. Alitengeneza mizani za maduka ya nafaka, za vituo vya pamba, na zile za kliniki ambazo mtoto huning'inizwa ndani ya kijisuruali cha turubai, akapiga makelele huku muuguzi akisoma mshale. Watu wa kazi hiyo hawana haraka ya kusadiki. Wakiambiwa gunia limejaa hutabasamu tu, wakasubiri mshale utulie.

Mpakani alimkuta mlinzi ameketi kwenye kibanda cha mabati kinachotazama bonde, ana darubini shingoni na daftari magotini. Sare yake ilikuwa ya kijivu, na kifuani palidariziwa jicho moja lisilo na kope.

"Habari za kazi, ndugu?" Mshangama alimsalimu.

Mlinzi aliruka kama mtu aliyemwagiwa maji baridi. Akatazama kushoto, akatazama kulia, halafu akamwonyesha njia kwa kidevu bila kutoa hata neno. Mshangama akapita akinung'unika moyoni kwamba sare huwapa watu majivuno. Alimwonea, kama tutakavyoona.

Mjini mtu wa kwanza kukutana naye alikuwa mama mmoja wa miaka hamsini na kitu, ameketi mlangoni kwake akichagua mchele. Jina lake Bi Sikudhani. Mshangama alimwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba vizuri tu, kisha akaongeza kama mtu yeyote mwenye adabu angeongeza: habari za hapa?

"Nzuri," alisema mama yule, na papo hapo akaziba mdomo kwa kiganja, chenga za mchele zikamshika shavuni.

Alikuwa amechelewa. Karani mwenye koti la kijivu alikwisha kuvuka barabara, maana katika Ukodi karani hakai mbali na mdomo wa mtu. Wote wawili wakapelekwa ofisini kwa Bwana Tufani, wakala mkuu wa kampuni iitwayo Jicho Kavu na Wenzake. Alikuwa mtu nadhifu, mpole wa sauti, mwepesi wa kukaribisha viti. Alimpa Mshangama fomu yenye maswali mawili: ni habari ipi ulikuwa unaitafuta, na je, uliipata? Mshangama akaandika kwamba hakutafuta kitu, alisalimia tu. Bwana Tufani akasoma jibu lile kwa huruma, kama daktari anayesikiliza mgonjwa anayejidanganya.

"Lakini ulijibiwa," alisema. "Uliambiwa 'nzuri.' Bwana fundi, 'nzuri' ni tathmini ya hali ya usalama wa nchi nzima. Kampuni yangu ina watu arobaini kazini ili kulifikia neno hilo, na huyu mama amekugawia mlangoni bure."

Ndipo Mshangama akaelezwa mambo yalivyokuwa, na mengine aliyamalizia kwa kuulizauliza kwa hila, kwa kuwa kuuliza waziwazi hakuruhusiwi.

Zamani watu wa Ukodi walilinda mpaka wao wenyewe kwa zamu, kila nyumba wiki moja. Ilikuwa kazi ya kuchosha, na mbu hawakuwa na huruma. Kila mlinzi alikaa akitazamana na mlinzi wa Bondeni, naye yuko kwenye zamu yake, na siku ya tatu haikufika kabla hawajaanza kuazimana chumvi. Walijuana kwa majina. Ungemwambia mtu wa Ukodi kuwa Bondeni wanapanga vita, angekuuliza nani hasa, yule Mngodo mwenye jipu, au shemeji yake? Kisha ikaja kampuni, ikauliza kwa nini watu wazima wenye mashamba wajitese hivyo, nao wakaona kweli. Wakaikodisha zamu. Mwaka uliofuata wakakodisha silaha pamoja na ghala lake. Mwaka wa tatu ukaja mkataba wa upelelezi, na kwenye kifungu cha tisa palikuwa na mstari mmoja mfupi: *habari zote, za ndani na za nje, zitakuwa mali ya Kampuni.*

Wajumbe kumi na wanne walitia saini baada ya pilau nzito. Kila mmoja alidhani habari zinazotajwa ni za maadui. Kesho yake asubuhi kampuni ikatoa tangazo la adabu kabisa, ikiwaomba wananchi waache kuichuuza mali yake mitaani.

Tangu hapo salamu zikapangwa upya. Shikamoo ilibaki, kwa sababu haiulizi kitu. "Vipi" na "mambo" zilikufa siku ya kwanza. "Hujambo" iliwasumbua wanasheria miezi minne, wakibishana kama ni swali au ni taarifa, mwisho ikakubaliwa kwa sharti kwamba sauti ishuke mwishoni. Watu wa rika moja walipokutana waliambiana "Upo," wakajibiana "Nipo," kila mtu akashika njia yake.

Mgeni alisamehewa. Bi Sikudhani alipewa karatasi ya onyo la mwisho. Akikosa tena, mlango wake ungetiwa lakiri mwaka mzima, asiingie mtu kwake wala yeye asiingie kwa mtu.

Ningependa kusema kwamba watu wa Ukodi walikuwa na huzuni, lakini ningekuwa natia chumvi. Walikuwa wanene. Walilala vizuri, walipanda maua kwenye vibanda vya zamani vya zamu, na kila Alhamisi alasiri walikwenda barazani na karanga zao kusikiliza Taarifa ya Wiki, ambayo kampuni iliisoma kwa sauti. Ndiyo habari pekee iliyokuwepo nchini, kwa hiyo ilinoga. Wiki adui aliposogea, walishika roho. Wiki aliporudi nyuma, walipiga makofi. Mshangama, aliyepanga chumba kwa Bi Sikudhani huku akitengeneza mizani za soko, alianza naye kuingoja Alhamisi, na aliona haya kidogo kujikuta hivyo.

Mwenye huzuni alikuwa mwenyeji wake. Bi Sikudhani alikuwa na mtoto mmoja, binti, jina lake Tunu. Miaka mitatu nyuma, wakati wa zamu ya mwisho ya marehemu baba yake, Tunu alikuwa akimpelekea chakula mpakani, na kijana wa upande wa pili akawa haishi kukosa chumvi. Wakaoana. Akahamia Bondeni, mwendo wa nusu siku tu kwa miguu. Jua likipiga vizuri, uani kwa Bi Sikudhani ungeona bati la nyumba ya binti yake likimeta. Kuvuka hakuruhusiwi bila hati ya kampuni. Mwaka sasa mama hakujua kama mwanawe anakula au anaumwa. Alikuwa ameomba auziwe habari zake kama mteja mwingine yeyote, akajibiwa kwamba haziuzwi kwa umma. Binti wa Ukodi anayeishi Bondeni na anayezijua njia zote mbili alikuwa ameandikwa kwenye orodha ya walengwa, namba nne.

"Nilizaa mtoto, baba," alimwambia Mshangama akipepeta mchele, "kumbe nilizaa mlengwa."

Alisema kwa utani, lakini ungo ulisimama mikononi mwake kwa muda mrefu. Mshangama alitamani kumfariji, akakosa neno lisilo habari.

Alhamisi ya nne ya kukaa kwake, baraza lilijaa hadi madirishani. Mwenyekiti, Mzee Fumbwe, baba wa watoto tisa, alifungua kikao, na Bwana Tufani akasimama na jalada jipya. Alisema leo hatasoma mambo ya kawaida. Miezi yote hii kampuni ilikuwa ikimfuatilia Mlengwa Namba Nne, mwanamke wa Bondeni, na sasa picha imekamilika, nayo inatisha.

Akaanza kusoma. Mwanzoni mlengwa alionekana akitapika kila asubuhi kwa majuma sita. Wataalamu waliona kwamba anajizoeza kustahimili sumu. Kisha akaanza kula udongo. Aliununua sokoni kwa vipande na kuutafuna njiani, jambo linaloonyesha kwamba anapima udongo wa mpakani kwa ajili ya kuchimba mahandaki.

Wanaume walinong'onezana kwa wasiwasi. Mama mmoja kwenye benchi la mbele aliacha kumenya karanga.

Bwana Tufani aliendelea. Kuanzia mwezi wa tano mlengwa alizidi upana, upande wa mbele tu. Ni dhahiri kwamba anaficha kifurushi chini ya nguo. Uzito wake unakadiriwa kuwa ratili sita hadi nane, unaongezeka, na mlengwa hatengani nacho hata akilala. Hutembea ameshika kiuno, mkono tayari. Juma hili wanawake watatu wazee wamehamia nyumbani kwake. Wameingiza wembe mpya, uzi, vitambaa safi na masufuria mawili makubwa ya maji.

"Kwa maoni ya kampuni," alimaliza, "kifurushi kitatolewa ndani ya siku chache."

Mshangama alihisi mkono wa shati lake umeshikwa. Bi Sikudhani alikuwa akitazama mbele, machozi yanamtiririka, na uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyepewa zawadi na kutishiwa kisu kwa wakati mmoja. Fundi aliyetengeneza mizani za kliniki ishirini hakuhitaji kuambiwa zaidi. Alitazama ukumbini, akaona jambo hilo likitembea kutoka mwanamke hadi mwanamke, benchi kwa benchi, bila sauti. Wanaume walikuwa bado wamekunja nyuso wakiwaza mahandaki.

Kampuni ikaleta ombi lake. Iruhusiwe kutuma watu thelathini wenye silaha, wakitwae kifurushi kabla hakijafunguliwa, wakilete Ukodi pamoja na mbebaji. Na mkataba urefushwe miaka kumi kwa kuzingatia ukubwa wa hatari. Mjadala ulikuwa wa heshima. Mjumbe mmoja alitaka watu hamsini badala ya thelathini. Mwingine aliuliza kama haiwezekani kungoja kifunguliwe ili kijulikane ni nini, akajibiwa kwamba kungoja hakumo katika huduma walizonunua. Wa tatu, mzee wa zamu za kale, alipendekeza waulizwe watu wa Bondeni wenyewe. Ukumbi ukacheka kwa upendo. Mzee wa watu amesahau kwamba kuuliza kuna mwenyewe.

Bi Sikudhani alijua la kusema, na alijua halitasaidia. Akisema "ni mimba," ametoa habari bila leseni. Lakiri mlangoni angeivumilia. Lakini karani wa baraza hakuruhusiwa kuandika habari isiyopitia kwenye kampuni, na baraza haliwezi kuamua kwa kitu kisichoandikwa. Neno lake lingeanguka sakafuni na kura ingepigwa vilevile, na watu thelathini wangekwenda kumtoa Tunu kitandani.

"Baba," alinong'ona, "mimi nina mjukuu." Hilo alilisema kwa Mshangama peke yake, na ni kosa, na ninalitoa hapa kwa kuwa limepita.

Kisha akasimama, akajifunga kanga kiunoni, akainua uso, akapiga kigelegele.

Kilikuwa kirefu, cha mtu aliyebana pumzi mwaka mzima. Kabla hakijakatika, mama wa benchi la mbele alikidaka, akakidaka na jirani yake, na mara ukumbi wote ukawa unalia, wanawake wamesimama, karanga zimemwagika, wengine wanafuta macho na wengine wanacheka. Mke wa Mzee Fumbwe, mama mtu mzima mwenye bakora, alikuwa akipiga chake huku amemkazia mumewe macho. Mwenyekiti alimtazama mkewe. Akatazama jalada. Akaanza kuhesabu kwenye vidole, kutapika, udongo, mwezi wa tano, na alipofika kidole cha nne akashusha mikono na kukohoa.

Bwana Tufani hakupandisha sauti. Alisema kwamba hapa habari imepitishwa mbele ya macho ya sheria, na aliomba milango itiwe lakiri. Mzee Fumbwe akamwamuru karani asome kifungu cha tisa mpaka mwisho. Karani akasoma: habari isitolewe kwa maneno, kwa maandishi, kwa ishara za mkono, kwa ngoma, kwa baragumu, kwa moshi wala kwa kukonyeza.

"Kingine?" aliuliza mwenyekiti.

Hakukuwa na kingine. Wajumbe kumi na wanne, wanaume watupu, walikuwa wamekumbuka hata moshi.

"Basi hakuna kilichosemwa, Bwana Tufani," alisema Mzee Fumbwe taratibu. "Hawa wamefurahi tu. Furaha hatukukuuzia."

Hata hivyo hoja ilikuwa bado mezani, na mwenyekiti hakuwa na neno hata moja lililoandikwa la kuitupa. Ndipo Mshangama, ambaye hakuwahi kusema mbele ya watu zaidi ya kumi, akainua mkono. Alisema yeye ni mgeni na hayamhusu, ila taarifa imetaja uzito wa kukadiria, na kwa kazi yake uzito wa kukadiria hauhesabiki kuwa uzito. Hakuna serikali inayopeleka jeshi kwa kitu ambacho hakijapimwa. Kupima si kupeleleza; alikuwa ameusikiliza mkataba vizuri na hakusikia mahali ambapo ratili ziliuzwa. Yuko tayari kwenda kukipima kifurushi, alisema, ila mizani ni nzito na angehitaji mtu wa kumbebea, ikiwezekana anayeijua njia.

Wajumbe walilipenda jambo hilo kupita kiasi, kwa sababu liliwaokoa bila kumlaumu yeyote. Likapita kwa kauli moja, na Bwana Tufani mwenyewe aligonga muhuri wa hati mbili, moja ya fundi na moja ya mbeba mizani, maana alikuwa mtu wa kufuata utaratibu.

Walivuka Jumamosi asubuhi. Bi Sikudhani alibeba mizani kichwani na hakuruhusu apokewe, na mwendo wa nusu siku aliumaliza kabla jua halijafika utosini. Walipokaribia nyumba, vigelegele viliwapokea kutoka ndani, si kwa ajili yao. Kifurushi kilikuwa kimetoka alfajiri ile.

Kazi ni kazi. Mshangama alifunga kamba kwenye boriti, akaning'iniza mizani, wakamtia mtoto kwenye kijisuruali, akalia kwa hasira zote za mtu aliyesingiziwa. Mshale ulitikisika, ukatulia. Ratili saba na robo, msichana. Tunu alikuwa amelala ubavu, amechoka na anang'aa. Alimtazama mama yake aliyesimama mlangoni na vumbi la njia miguuni, akamuuliza kama mtu yeyote wa Bondeni anavyouliza:

"Shikamoo mama. Habari za nyumbani?"

Mama alifungua kinywa atoe lile "nzuri" la siku zote, likamkwama. Mwaka mzima hakuna aliyemuuliza. Aliketi kando ya kitanda, akaanza na mbuzi wa jirani, akaenda kwenye paa lililovuja, akafika kwenye kaburi la baba yake Tunu na maua aliyopanda pale, analia na kucheka, na hakuna aliyemkatiza. Mshangama alipaka mafuta mizani ambayo haikuhitaji mafuta. Alikuwa na furaha kuliko siku yoyote anayoikumbuka.

Fomu yake ilisomwa barazani Alhamisi. *Uzito: ratili saba na robo. Kilichomo: kinalia. Hatari: hulowesha.* Watu walivunjika mbavu, na Bwana Tufani pia alicheka, kwa kipimo.

Usidhani mkataba ulivunjwa. Watu wa Ukodi wanapenda usingizi wao, na hakuna aliyetaka kurudi kwa mbu. Waliurefusha, ila kwa mwaka mmoja badala ya kumi, na wakaongeza kifungu kidogo ambacho kampuni haikuona ubaya wake: habari za mtoto si mali ya mtu, na mwenye kuzitaka atapewa hati ya kwenda kumwona. Tangu hapo, ukipita sokoni Ukodi utasikia kila mtu akimuuliza mwenzake, "Habari za mtoto?" Huulizwa wazee wa miaka themanini. Huulizwa makapera. Nao hujibu kwa kirefu, wakianza na mtoto wasiye naye na kuishia kwenye magoti yao, bei ya mahindi na mambo ya Bondeni. Makarani husimama karibu wakisikiliza, kalamu mfukoni.

Mshangama alikaa hadi arobaini ya mtoto ikapita, kisha akakusanya mizani zake. Njia ya kutokea ilikuwa ileile ya kuingilia, na kwenye kibanda cha mabati alikuwepo mlinzi yuleyule na darubini yake. Safari hii fundi alipita akiwa amefunga mdomo, asimtie mtu mashakani. Alikuwa ameshapita hatua kadhaa aliposikia nyuma yake sauti iliyokauka kwa kutotumika.

"Habari za mtoto?"

Akageuka. Mlinzi alikuwa amesimama, amelifunga daftari na kuliweka chini. Kwa karibu alionekana kijana tu, wa mbali, lafudhi yake haikuwa ya Ukodi wala ya Bondeni.

"Nzuri," alisema Mshangama. "Ameanza kucheka."

Yule mlinzi aliitikia kwa kichwa polepole, akatabasamu mpaka jicho la kifuani likakunjamana.

"Mimi ndiye niliyemwona wa kwanza," alisema. "Kabla ya watu wote."

Akaketi tena na kuinua darubini yake kutazama bonde, na daftari akaliacha pale pale chini.